Mchuzi Nilioonja

Shingo yangu iligeuka yenyewe. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, sahani ya samaki wa mukeke katikati, wakwe kutoka Lweba wamejipanga ukutani na mashati yao ya kwenda kanisani, na ndiyo kwanza nimeonja mchuzi mbele yao. Kwetu Fizi hakuna anayempa mtu chakula bila kuonja kwanza mwenyewe. Asiyeonja ana jambo. Nikasikia kama mkono unanivuta kidevu kuelekea bega la kushoto. Nikajaribu kurudisha uso mbele, uso ukakataa. Macho yakapanda yakabaki kwenye mabati, ulimi ukajaa mdomoni ukatoka nje, mate yakaanza kushuka juu ya blauzi niliyoshonewa kwa ajili ya siku ile. Na akili zangu nilikuwa nazo zote, hilo njo watu hawajui. Nilisikia kila neno. Nilimsikia mama mkwe akisema, "Yesu! Huyu binti anafanya nini?" Nilimsikia mtu wa mlangoni akipiga kelele, "Ni sumu! Bamemupa sumu!" Kisha nikamsikia kaka yangu mkubwa, yaya Wilondja, aliyekuwa upande wa pili wa sahani akingoja nimalize kuonja ndipo naye aguse. Alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba mzigo alioubeba haupo, na leo mzigo umeanguka chini na wote wamesikia kishindo. "Mumeona?" akasema. "Sasa mumeona? Mi ninasemaka kila siku, munaniita kichaa." Akachomoa sindano yake ya nyavu kutoka kwenye boriti, akapita katikati ya wakwe, akatoka. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika, hajala kitu kilichopikwa kwa mikono yangu.

Naandika kwa sababu nimemwona Dokta Anselme. Kiangazi hiki alirudi Baraka, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akaja kufundisha vijana watakaotembelea nyumba kwa nyumba watu wenye shida za kichwa na moyo. Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia, na mimi niliitwa kupika. Nilikuwa naingiza sufuria ya sombe, majani ya muhogo, nikasikia sauti yake, nikasimama nayo pale pale mlangoni, moto wa sufuria ukinichoma kupitia kitambaa. Alikuwa anasema, kidole juu, "Musifiche hata siku moja dawa ndani ya chakula cha mugonjwa. Ukimudanganya mara moja, umemupoteza." Vijana wakaandika. Naye akanywa maji, ametulia, kama mtu aliyesema neno lake mwenyewe, alilolitoa katika hekima yake mwenyewe. Nikaweka sufuria chini, nikainua mkono, mwiko umo ndani yake. Kijana aliyekuwa anaongoza akaniangalia. "Mama wa jikoni, maswali ni ya bashiriki. Weye swali yako ni chumvi." Wakacheka wote. Yeye pia alicheka, kidogo, kwa adabu. Hakunijua. Shingo ikiwa imenyooka, nani atanijua? Baada ya chakula gari lake liliondoka kabla sijanawa mikono, na tangu hapo sikai. Naanza kuchambua mboga naziacha. Natoka mpaka barabarani narudi. Basi acha niandike, mimi niliyeacha shule darasa la tano, na anayejua kusoma asome.

Mwaka ule wa mchuzi, tulipokuwa tumerudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa na watu wanajenga upya, mimi nilikuwa binti wa kuolewa na Wilondja alikuwa fundi wa nyavu ambaye hakuna aliyemfikia kutoka Baraka mpaka Kazimia. Hakuwa kichaa wa barabarani. Hakuvua nguo, hakusema peke yake, hakusikia sauti. Alifanya kazi. Lakini chumba chake, kile cha nyuma kilichotazama shimo la takataka, alikuwa amekifanya boma. Kizingitini alimwaga majivu kila anapotoka, ili akirudi asome nyayo. Dumu lake la maji lilifungwa kwa kamba yenye fundo analolijua yeye. Bamama wawili wakicheka kwenye bomba, wanamcheka yeye. Mtu akipiga mluzi njiani, amempa ishara mtu mwingine. Alikuwa amegombana na kila kundi la wavuvi, moja baada ya lingine, kwa kuwa katika kila mtumbwi alikuta mtu aliyetumwa kumchunguza. Majirani walisema kichwa chake kilibaki vitani. Baba mudogo Echa, mdogo wa baba yetu, mwenye nyumba tuliyokaa, yeye alifanya mzaha: "Hapa kwangu sifugi imbwa. Iko Wilondja." Na sisi tulicheka, kwa kuwa kicheko kilikuwa rahisi kuliko kuwaza. Chakula chake nilipika mimi, na masharti yalijulikana: nile mimi kwanza, si kuonja kwa ncha ya ulimi kama watu wote, nile nusu ya bakuli, yeye akinitazama koo. Kisha angoje mpaka chakula kipoe kabisa. Akiridhika anakula. Siku nyingine haridhiki, anampa kuku.

Mwanzoni mwa mwaka ule ndipo alipokuja mama Espérance. Alikuwa muuguzi wa mradi fulani uliofungua biro, ofisi ndogo, nyuma ya kituo cha afya, mwanamke mfupi, mwenye kikohozi, mchafu wa vumbi la pikipiki kila wakati. Siku ya kwanza Wilondja hakufungua mlango. Mama Espérance hakugonga mara ya pili. Aliomba kigoda, akakaa nje ameupa mlango mgongo, akanisaidia kuchambua maharage, na kabla ya kuondoka akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaongea na maharage: "Kaka, mi jina Espérance. Nitarudi siku ya soko, wakati bantu banatoka soko. Nisipokuya, ujue mi ni mwongo, usinifungulie hata siku moja." Akaja. Siku ya soko iliyofuata mvua ilikata barabara, tukasema leo haji. Tukamwona anatokea kwa mguu, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka kiunoni. Wilondja alikuwa anachungulia kwenye ufa. Alifungua. Hakusema karibu, lakini alifungua.

Yeye hakuweza kuongea na mtu uso kwa uso. Ukimtazama machoni anaona unampima. Mama Espérance alilielewa hilo mapema kuliko sisi tuliozaliwa naye. Akamwambia, "Endelea na kazi yako, mi nitashika upande wa pili." Ndiyo ikawa dawa yao. Wavu umetandazwa uani, Wilondja ameketi huku anashona, mama Espérance ameketi kule ameuvuta ukaze, wote wawili macho yako kwenye matundu, na maneno yanapita juu ya nyuzi. Mimi nikipiga sombe kwenye kinu nilisikia kila kitu. Akisema, "Jana mutu ya moto alinifuata," yaani mtu wa pikipiki, mama Espérance hakusema huo ni uongo, wala hakusema pole. Aliuliza, "Uliona nini?" "Aliniangalia, akawasha moto, akakuya nyuma yangu." "Hiyo njo uliona. Sasa ulifikiri nini?" "Kama ametumwa." "Hiyo njo ulifikiri. Weka huku ulichoona, weka kule ulichofikiri. Barabara ya kutoka soko iko ngapi?" Sindano inapita, inapita. "Iko moja," akasema Wilondja. "Basi angepita wapi, masikini?" Na siku moja, jamani, nilimsikia kaka yangu akitania. "Mama Espérance, kumbe banakulipa juu ya kushika wavu? Mi je, mwenye kukufundisha?" Niliacha mchi hewani. Sikuwa nimesikia utani kinywani mwake tangu utoto.

Nilimuuliza mama Espérance ni ugonjwa gani huu. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha jikoni kwetu, miguu kaielekeza motoni. Akasema si ugonjwa unaoingia kama malaria, ni namna moyo ulivyojengwa, ukakauka hivyo kama tofali. "Iko ule anaona bantu bote ni baadui. Iko ule hana hamu ya bantu kabisa, umuache peke yake ni sawa tu. Iko na ule anaona alama mu kila kitu, ndege ikipita ni ujumbe yake." Nikamwambia, lakini mama, hapa Fizi nani hana mashaka, na yote tuliyoyaona? Akatafuna kwanza. "Mashaka ya bantu bote inalalaka. Ya kaka yako hailalake." Dawa, akasema, haibomoi tofali hilo, inasaidia tu kidogo pale hofu inapokataza usingizi. Kinachojenga upya ni mtu mmoja asiyesema uongo, siku nyingi, mpaka moyo uchoke kumshuku.

Na dawa ilipokuja, ilikuja kwa mlango. Ilikuwa wakati Wilondja halali, macho mekundu, amerudia kumwaga majivu hata mchana. Mama Espérance akamletea pakiti iliyofungwa, akamwachia aifungue mwenyewe, aigeuze, ainuse. Wilondja akatoa kidonge kimoja akamnyooshea: "Onja." Mimi nikaona ni haki, ndiyo desturi. Mama Espérance akakataa. "Chakula, tunaonja pamoja. Dawa haionjwake. Kila dawa iko na mwenyewe, ya kwako inaweza kuniangusha mi." Tukajua imekwisha, atamfukuza. Alimwacha na pakiti yake, akaenda. Lakini siku ya soko iliyofuata Wilondja alimwambia, macho kwenye wavu, "Mwenye kutaka kunidanganya angemeza mbio-mbio." Akameza mwenyewe kidonge, kwa maji ya dumu lake. Wakapatana: hakuna kitu kitakachoingia mwilini mwake bila yeye kukiona kwanza. Mama Espérance aliniita mimi na baba mudogo Echa tusikie, tukaitikia wote. Nasema tena, wote. Kiangazi kilipofika Wilondja alikuwa anakula akiwa ameketi nasi uani. Alirudi kushona mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, pembeni, lakini mwaloni. Majivu kizingitini yakasahaulika, nikayafagia na hakuuliza.

Njo wakati huo wakwe wa Lweba waliposema watakuja. Baba yetu hakuwepo tena, kwa hiyo Wilondja kama kaka mkubwa alipaswa kuketi mbele, ale nao sahani moja. Baba mudogo Echa akaanza kuhangaika. Nilimsikia akimwambia mkewe nyuma ya ukuta wa matete: "Akibauliza nani alibatuma? Akisema samaki iko na sumu? Bakwe batasema tuko familia ya bakichaa." Mama mudogo akamjibu, "Ameshakuwa muzuri. Juzi alinisalimia." "Hajakuwa muzuri bado. Hii siku nataka alale na macho wazi." Maneno hayo niliyasikia, nikadhani ni wasiwasi wa mzee tu. Sikujua ameshakwenda biro, siku ambayo mama Espérance yuko Kazimia, akamkuta mkubwa wake, Dokta Anselme. Wala sikujua ametoka na kichupa cha matone ndani ya kofia. Mara nikaona baba mudogo anapenda jikoni. Mwanaume aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa wapi, sasa anafunua sufuria, anasema, "Mwanangu, unapikaka vizuri." Nami nikafurahi! Nilikula nusu ya bakuli kama desturi yetu, kila siku, na midomo ikaanza kuwa mizito, na usingizi wa ajabu, nikasema ni uchovu wa maandalizi. Wilondja alikula kidogo, ndivyo alivyokuwa. Baba mudogo alipoona hajabadilika aliongeza matone. Akaongeza tena. Siku ya wakwe alimimina kwa hofu yake yote, tangu mchuzi wetu wa asubuhi.

Mmeshajua kilichotokea juu ya mkeka. Hamjajua kilichofuata. Watu walimkamata Consolate, mkimbizi wa Burundi aliyelima shamba letu na aliyenisaidia kukwangua samaki asubuhi ile. Walimsukuma kutoka jikoni, mmoja ameshika kanga yake, mwingine anapiga kelele, "Barundi bametumaliza! Sema ulitia nini!" Naye analia, "Nimesafisha tu, bandugu, nimesafisha tu." Baba mudogo Echa alikuwa amesimama pale pale, mgongo kwenye nguzo. Kichupa kilikuwa ndani ya kofia yake na kofia ilikuwa kichwani kwake, na alimwangalia mwanamke wa watu akipigwa makofi. Aliyemwokoa Consolate ni mama Espérance, aliyefika anakohoa juu ya pikipiki, akapasua watu, akanitazama mara moja tu. Hakuuliza habari za samaki. Alinichoma sindano, akanishika kidevu kwa viganja vyote viwili, akisema polepole, "Itarudi, mwanangu. Inarudi. Si kifo, ni dawa." Na shingo ikaanza kulegea, kama kamba iliyolowa. Ndipo akageuka, na sauti yake sikuwahi kuisikia namna ile: "Nani amemupa huyu mutoto dawa?" Kisha akatafuta uani kwa macho. "Wilondja iko wapi?"

Kesho yake nilikaa kwenye benchi nje ya biro, shingo bado inauma, na ukuta ulikuwa wa mbao zilizoachana. Baba mudogo alisema, "Dokta njo alinipa. Alisema haina ladha, nitie mu muchuzi, hatajua." Dokta Anselme akasema, "Nilisema kidogo." Kidogo! Mama Espérance akasema, "Mulimupa dawa mutu ambaye hamukumuona. Mukamulisha na dada yake." Naye akajibu kwa upole, ule ule upole wa ukumbini, "Madame, mutu wa namna ile hana akili ya kukubali dawa. Familia nyingi banafanyaka vile." "Alikuwa amekubali! Kwa mukono yake!" Nikasikia kiti kikisogea. Halafu Dokta Anselme akatoa neno lililomuua kaka yangu kuliko matone: "Kwa bantu, tutasema ni malaria ya kichwa. Mradi ukichafuka jina, hata bale bengine batakosa dawa." Baba mudogo akasema ndiyo, upesi. Na ndivyo ilivyotangazwa, kwa wakwe, kwa majirani, kanisani. Malaria. Kabla ya mwezi kwisha mama Espérance alihamishwa mbali, bila kuruhusiwa kwenda Kazimia alikokuwa amekimbilia Wilondja. Aliniaga kituoni, ameshika mkoba, akasema, "Mwambie ukweli. Umwambie ile aliona, aliiona kweli."

Nilimwambia. Nilipanda mtumbwi mpaka Kazimia, nikamkuta nje ya mji, kibandani, majivu yamemwagwa kuzunguka nyumba nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano haikusimama. Akasema, "Mama Espérance alinifundisha. Niliona nini? Niliona shingo yako. Nilifikiri nini? Sumu. Sasa bantu bote banasema malaria. Baba mudogo anasema malaria. Dokta anasema malaria. We peke yako unasema dawa, na we njo ulikuwa unaonja kila siku. Ulijua ao hukujua, mi nitapima na nini?" Nikienda kumwona napeleka muhogo haujamenywa, mayai, ndizi ndani ya maganda yake, samaki mbichi wenye magamba. Hivyo anapokea. Kijana mmoja wa afya alijaribu mwaka jana kuanza naye upya, Wilondja alimfukuza kwa maneno machache: "Niletee kwanza mwenye kutia." Baba mudogo Echa hawezi tena kuletwa. Alikufa kwa tumbo, na kitandani nilimwomba mbele ya mkewe amtumie Wilondja neno moja tu. Aligeukia ukuta. Kwa mazishi Wilondja hakuja, na watu wakasema, mwaona, moyo wa chuma.

Basi umebaki wewe, Dokta Anselme. Wewe unayefundisha leo kwamba dawa haifichwi, ulijifunzia wapi kama si kwenye shingo yangu? Sikutaki mahakamani, sikutaki magotini. Nataka upande mtumbwi wa Kazimia kama nilivyopanda mimi, ushuke, ufuate njia mpaka uone majivu. Usiyakanyage, simama nje uite jina lako lote. Akitandaza wavu, shika upande wa pili, uukaze, usimwangalie machoni. Kisha mwambie kwa kinywa chako kwamba mchuzi ulikuwa na kitu, kwamba wewe ndiye uliyekitoa, na kwamba siku ile, kati ya watu wote waliokuwa katika nyumba ile, yeye peke yake aliona sawasawa. Mtumbwi unaondoka Baraka asubuhi. Niko mwaloni nakungoja, na ndizi nimeshanunua.